Mke wa Gavana: Ombi la Safari Njema

"Funga mlango, Odette. Hakuna anayejua niko hapa."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya Gavana Méthode. Hakusema habari za siku nyingi. Alisimama kwenye korido ya nyumba ile kuukuu ya mtaa wa Glenwood, kofia imeshushwa mpaka machoni, begi moja begani, viatu vya ofisini vimejaa vumbi.

Wewe uliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita, usijilaumu. Jua tu kwamba Odette anasuka nywele katika saluni ya mjini Durban na anapanga chumba kimoja katikati ya vyumba vya wanafunzi. Mume wake aliishi naye humo, kisha akarudi Kongo kutafuta ugavana wa jimbo la Mulinga. Aliupata. Tangu siku hiyo Odette amemwona kwenye simu tu. Asubuhi ya siku hii alikuwa amemtazama akikata utepe wa daraja jipya. Mchana mlango ukagongwa, akafungua, na mkata utepe alikuwa mbele yake.

"Lakini leo ulikuwa darajani," Odette alisema. "Nimekuona kwa macho yangu."

"Ile ni video ya zamani. Vijana wangu wanazitoa kidogo kidogo ili nionekane niko kazini."

"Na hao vijana wanajua uko wapi?"

"Wanajua niko kijijini kwetu, naumwa malaria."

Odette alivuta pumzi, akafunga mlango, akazungusha ufunguo.

Méthode alikaa ukingoni mwa kitanda, kwa sababu kiti kimoja cha chumba kile kilikuwa kimebeba sufuria. Alivua kofia. Nywele zilikuwa zimeingia mvi pande zote mbili. Kwenye simu hazikuonekana hivyo.

"Jumanne Bunge la Jimbo linapiga kura ya kuniondoa," alisema. "Wabunge ndio walionipandisha, na wabunge ndio watanishusha. Sina watu tena."

"Si una polisi? Si una jeshi?"

Gavana alicheka kicheko kisicho na furaha.

"Hata wewe, Mama Carmel? Jeshi ni la Kinshasa. Majaji si wangu. Nikiomba fedha za barabara, naomba kama mtu mwingine yeyote. Nina bendera kwenye gari na watu wa kunifungulia mlango, basi. Nimechoka. Sikuja kutembea, nimekuja kukaa."

Kukaa! Msomaji, mwanamke huyu alikuwa amefunga kula kila Jumatano kwa ajili ya neno hilo moja.

Binti yao Carmel ameolewa Kanada, anapiga simu akipata nafasi. Simu ya Odette hailali, lakini wanaompigia hawamtafuti yeye. Wanamtafuta Mama Gavana. Mmoja anataka kazi ya forodha, mwingine anataka shamba lake lirudishwe, na mwingine shemeji yake awe mkuu wa shule. Wanamaliza shida zao, wanasema Mungu akubariki Mama Excellence, wanakata. Hakuna anayemuuliza kama amekula. Jumapili baada ya kanisa anapika fufu, ule ugali wa kwao, ya mtu mmoja, na fufu ya mtu mmoja haitaki kukaa vizuri kwenye sufuria. Anakula akiwa amesimama dirishani, akiangalia kreni za bandari kule chini zikiinua makontena ya watu asiowajua.

Sasa mume alikuwa hapa, kwenye kitanda chake, na alitaka kukaa.

"Asante Yesu," Odette alinong'ona. Alimshika mkono. Ulikuwa na joto. Ulikuwa mkono wa kweli.

Kisha akauliza swali ambalo lilikuwa limemkaa kooni tangu mvua za mwaka jana.

"Na Ruphin?"

Ruphin ni mdogo wake Odette, mwalimu, mwana wa mwisho wa mama yao. Aliandamana na walimu wenzake wa Mulinga, akakamatwa, na mpaka leo yuko gerezani. Kila Odette alipomlilia mumewe kwenye simu, jibu lilikuwa lilelile: mambo ya mahakama, mke wangu, gavana hawezi kuingilia.

Méthode aliangalia kofia yake.

"Papa Carmel, nakuuliza. Mahakama imesema nini?"

"Hakuna mahakama."

"Unasema nini?"

"Hakuna jaji aliyewahi kumwona Ruphin. Ni amri yangu. Kamati ya usalama ya jimbo ilikaa, mimi ndiye mwenyekiti wake. Naibu wangu Arnaud alileta majina ya walimu, akasema tukiwaacha mji utawaka moto. Nikasaini."

"Uliliona jina la ndugu yangu?"

"Nililiona."

"Na ukasaini."

"Nilidhani ni kwa wiki moja, Odette. Halafu nikaogopa. Nikimwachilia shemeji yangu peke yake, watu watasema nini? Na nikiwaachilia wote, Arnaud angesema mimi ni dhaifu."

Odette aliuachia ule mkono. Aliinuka, lakini katika chumba kile hapakuwa na pa kwenda. Hatua chache tu na uko ukutani. Akageukia ukuta.

"Kila Jumatano," alisema polepole, "nilikuwa nakuombea wewe, halafu namuombea yeye. Kwa pumzi moja. Kumbe nilikuwa namuombea mtu aliyefungwa na mtu yuleyule."

Gavana aliikunja kofia mikononi.

"Basi mfungue. Ulimfunga kwa kalamu, mfungue kwa kalamu. Karatasi iko, kalamu iko. Andika hapa, tupige picha, tutume."

"Haiwezekani."

"Umeanza tena?"

"Safari hii sikudanganyi, nisikilize! Gavana akivuka mpaka wa nchi, madaraka hayavuki naye. Naibu anakaimu. Nikiandika hapa Glenwood, ni barua ya mpangaji wa chumba. Lazima niwe Mulinga, ofisini, katibu aweke mhuri. Nikikanyaga pale, kukaimu kwa Arnaud kunaisha saa ileile na kalamu inarudi mkononi mwangu. Lakini mpaka Jumanne tu. Baada ya kura, hata nikisaini kwa damu hakuna mlinzi wa gereza atakayeisoma."

"Na huyo Arnaud mwenyewe hawezi kumfungua?"

"Arnaud?" Méthode alitikisa kichwa. "Arnaud ndiye aliyelijaza lile gereza, mimi nilikuwa kalamu yake tu. Hatafungua kamwe. Na akiwa gavana, Ruphin ataozea mle ndani."

Kabla Odette hajasema neno, mlango uligongwa.

Ngo! Ngo! Ngo!

"Mama Carmel! Fungua, najua iko watu ndani, nimesikia sauti ya mwanaume!"

Ni Mama Estella, jirani wa ghorofa ya juu na kiongozi wa kikundi cha maombi cha wamama. Ana duka la simu mjini na sauti ya kutosha makanisa mawili.

"Usifungue," Méthode alinong'ona.

"Nisipofungua ataita wanafunzi wote wavunje mlango."

Alifungua nusu. Estella aliingiza kichwa, kisha bega, kisha mwili mzima. Aliona viatu. Akapandisha macho mpaka kwenye uso.

"Iko yeye," alisema taratibu. Halafu akapaza sauti. "Iko yeye! Iko yeye mwenyewe! Excellence! Njo Mungu tunayemuomba huyu! Nilisema mimi, Odette, sikusema? Jumatano nilisema nimeona mtu na begi!"

"Mama Estella, tafadhali, sauti..."

"Sauti gani? Shetani ndiye anyamaze! Eish, Excellence, umekonda! Wanakulisha nini kule? Keshokutwa nikuletee shida yangu ya mutoto wa dada, yule wa forodha, lakini leo hatuongei kazi. Leo ni sifa!"

Akapiga vigelegele mpaka mwanafunzi mmoja akafungua mlango wa jirani kuangalia. Kisha Estella akatoka akicheza.

Unaijua desturi ya kanisa lao? Mtu aliyejibiwa maombi halifichi jibu lake chumbani. Jumapili analipeleka mbele, wamama wanamsindikiza kwa vitambaa na nyimbo, na kanisa zima linaliona kwa macho. Aliyeombewa mtoto anambeba mtoto. Aliyeombewa mume anamshika mume mkono.

Odette alitazama simu yake ikiwaka. Ilikuwa sauti ya Estella kwenye kikundi cha maombi, imejaa vigelegele: "Bamama, Mungu amejibu! Gavana amerudi kwa mke wake, iko hapa Durban, nimemshika na mikono yangu! Kesho vitambaa vyeupe!"

Odette alipanda ngazi mbio. Estella alipoona uso wa mwenzake, aliifuta ile sauti haraka.

"Nimefuta, ma chérie, nimefuta. Ni kikundi cha maombi tu."

"Kikundi kina nani?"

"Ni sisi wa Durban. Na wa Johannesburg. Na bamama wa nyumbani, wale wa Mulinga, si ulisema tuwaweke ili watuombee kutoka kule?"

Odette alirudi chumbani akitembea kama mtu aliyebeba maji.

"Wameshajua," alimwambia mumewe. "Au watajua kabla jua halijazama."

Méthode alijilaza chali, akaangalia dari.

"Basi imekwisha. Arnaud anakaimu. Afadhali. Sasa sina la kufanya, na mtu asiye na la kufanya anaweza kulala." Alifumba macho. "Israël yule wa mtaa wa Morningside ana rafiki anayejua mambo ya hifadhi ya wakimbizi. Nitaomba karatasi upya. Nitapata kazi bandarini. Utasuka, nitabeba makontena, Jumapili tutakula fufu. Odette, hukutaka hivyo?"

Alitaka hivyo. Mungu anajua alitaka hivyo. Alipiga magoti kando ya kitanda, mahali ambapo zulia limelika kwa magoti yake, akaweka paji la uso kwenye shuka. Hakuomba kwa maneno. Alisikia pumzi za mumewe pale ambapo kila siku palikuwa kimya, na akatamani Mungu asimwambie chochote.

Alipoinuka, macho yalikuwa makavu.

"Utarudi, Papa Carmel."

"Wapi?"

"Mulinga. Kesho asubuhi. Umesema ukikanyaga ofisini kalamu inarudi kwako. Nenda ukasaini, halafu waache wakuangushe."

"Unanifukuza? Baada ya miaka hii yote?"

"Sikufukuzi. Ningekufukuza ingekuwa rahisi." Sauti yake ilikatika, akaikamata tena. "Nikikubakiza hapa, kila nikikuwekea sahani nitaona sahani ya Ruphin. Nitakuchukia, Méthode. Polepole, jikoni, nitakuchukia. Ulimfunga ukiwa gavana, kamfungue ukiwa gavana. Halafu urudi na begi lako hilohilo. Mlango huu nitaufungua."

Méthode aliinuka akaketi, akalivuta begi karibu. Sauti ya mwanafunzi aliyekuwa akiimba bafuni ilipita ukutani.

"Na nikiogopa?"

"Ogopa ukiwa kwenye ndege."

Hapo Méthode alicheka, na safari hii kilikuwa kicheko cha zamani, cha yule mwanaume aliyemsubiri nje ya saluni na chipsi kwenye gazeti. Akachukua simu, akampigia Israël, ambaye huuza tiketi za ndege. Nafasi ilipatikana: asubuhi kupitia Johannesburg, na jioni ileile angekuwa Mulinga.

"Sharp, imekubali," alisema Israël. "Lakini Excellence, mbona umekuja na kuondoka kama upepo?"

Odette alimnyoshea shati. Alipika fufu ya watu wawili. Iliiva vizuri, laini, bila madonge, na wote wawili walishindwa kuimaliza.

Kulipoanza kuwa giza alikumbuka vitambaa vyeupe. Wamama wangemsubiri kanisani. Akachukua simu, akaongea na kikundi cha maombi kwa sauti ya chini, kama alivyofanya kila mtu wao aliposafiri:

"Bamama wapendwa, kesho ushuhuda hautakuwepo. Papa Carmel anasafiri asubuhi, anarudi kazini kwake Mulinga. Naomba ombi la safari njema. Mungu amfikishe."

Amina zilianza kumiminika. Amina ya Durban, amina ya Johannesburg, amina ya Mulinga. Moyo wake ukatulia. Siri ilikuwa imeshatoka, alijiambia, na mtu anayesafiri bila kuombewa anasafiri uchi.

Jumapili asubuhi gari la kukodi liliwashusha uwanja wa ndege. Robot zote njiani, zile taa za barabarani, ziliwaka kijani, kana kwamba mji wenyewe ulitaka kumaliza haraka.

Mbele ya kizuizi cha abiria Méthode alimpa simu yake, ikiwa imezimwa.

"Ikae kwako. Nikiiwasha tu, kila mtu atanipigia anipe woga mpya. Nitakupigia kwa simu ya ofisi, nikishasaini."

"Kwanza Ruphin. Halafu mimi."

"Kwanza Ruphin." Alimshika uso kwa mikono miwili. "Mama Carmel, hujawahi kuniomba kitu kama gavana. Wote wameomba isipokuwa wewe."

"Nimeomba sasa."

Alipita. Aligeuka mara moja, akainua kofia. Kisha watu wengine wakamfunika, familia yenye masanduku mengi, na Odette akabaki akiangalia kioo chenye sura yake mwenyewe.

Alikaa kwenye benchi. Hakuwa na haraka ya kurudi chumbani. Kanisani wangekuwa wanaimba wimbo wa pili. Aliangalia ubao wa ndege mpaka ile ya Johannesburg ikaandikwa imeondoka. Alikuwa amemrudishia Mungu jibu la maombi yake, na hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kushukuru kwa hilo.

Simu yake ikalia. Namba ya nyumbani, asiyoijua.

"Dada?"

Mkoba ulimteleza magotini.

"Ruphin? Ruphin! Unaongea kutoka wapi?"

"Nje, dada! Niko nje! Jana jioni naibu gavana alikuja mwenyewe gerezani, na kamera. Alisema gavana ametoroka nchi, kwa hiyo yeye ndiye anakaimu. Alisaini mbele yetu, walimu wote tukatoka. Watu wanamwimba mjini. Dada, unanisikia?"

Odette alikuwa anasikia. Alikuwa anamsikia pia Méthode akisema: hatafungua kamwe. Kumbe kalamu ileile, katika mkono uleule Méthode aliouogopa, ilikuwa imefungua gereza wakati wao wakila fufu. Hapakuwa na haja. Angeweza kumbakiza. Angeweza sasa hivi kuwa amemshika mkono mbele ya kanisa, kati ya vitambaa vyeupe.

"Dada, shemeji yuko wapi?"

"Ameondoka. Anakuja huko akusainie."

Upande wa pili Ruphin alivuta pumzi kwa nguvu.

"Ruphin?"

"Mrudishe. Dada, mrudishe! Nimepita uwanja wa ndege sasa hivi, polisi wamejaa mpaka kwenye ngazi. Wamesema asifike ofisini kabla ya kura, kwa sababu akifika kukaimu kunakwisha. Na wakimpeleka kule tulikotoka sisi, dada, mimi najua kule kulivyo. Mtu wa rika lake hawezi. Mpigie simu!"

"Simu yake ninayo mimi," Odette alisema.

Bado palikuwa na Johannesburg. Pale angeshuka kubadilisha ndege. Mtu angeweza kumkamata mkono pale, mtu yeyote! Alifungua mkoba, akaitoa simu ya mumewe, akaiwasha atafute jina la rafiki, la dereva, la mchungaji, la yeyote aliye Johannesburg. Jana alikuwa akimwomba Mungu amfikishe. Sasa alikuwa akiomba asifike.

Kabla hajaona jina hata moja, simu ile ililia mkononi mwake.

Jina lilikuwa moja tu, kwa herufi kubwa: ARNAUD.

Aliipokea.

"Mama Excellence, najua ni wewe, yeye yuko angani," ilisema sauti tulivu ya mwanaume, na nyuma yake Odette alisikia watu wakiimba. "Mke wangu ni mtu wa maombi kama wewe. Mko kwenye kikundi kimoja. Jana usiku alinisikilizisha ombi lako la safari njema, na mimi nikasema amina."

"Mwache mume wangu," Odette alisema.

"Atafika salama, mama. Nimetuma mtu Johannesburg wa kumpokea na kukaa kiti cha pembeni yake mpaka huku. Anamjua vizuri, hatashtuka." Sauti ilitulia kidogo. "Tiketi mlinunua kwa nani, kama si kwa Israël? Ndiye huyo."